Kufukuzana kwa kosa la Sh10,000: Nani wa kuweka breki Handeni na Korogwe?

Korogwe/Handeni. Piga picha hii. Ni saa 12 jioni, Manundu, Korogwe. Bodaboda anatoka stendi akiwa amepiga mshikaki: mama na binti yake anayesoma sekondari. Wote watatu hawana kofia ngumu. Mbele kidogo trafiki ananyoosha mkono. Dereva anapunguza mwendo, anamwangalia, halafu anageuza pikipiki na kuingia uchochoroni.

Kuanzia hapo mambo yako kwa askari mmoja mwenye sekunde tatu za kuamua. Anaweza kusoma namba ya pikipiki na kuiandika. Au anaweza kurukia pikipiki iliyo karibu na kuanza kumfukuza.

Picha hii ni ya kutunga, ila mtu yeyote anayetumia usafiri wa bodaboda anaijua. Malalamiko ya madereva kukimbizwa, kurukiwa mbele au kuchapwa fimbo wakiwa kwenye mwendo ni ya miaka mingi nchini. Kisichozungumzwa sana ni nini kinamwongoza askari katika hizo sekunde tatu, na kama kuna mtu pale wilayani anayeweza kumwekea kanuni.

Yupo. Ila sio yule ambaye wengi humkimbilia.

Bei ya kosa lenyewe

Tuanze na hesabu. Hadi katikati ya 2021, bodaboda aliyekutwa na kosa la barabarani alilipa faini ya papo kwa papo ya Sh30,000, sawa kabisa na dereva wa basi au lori. Katika bajeti ya 2021/22 Serikali ikaishusha kwa pikipiki na bajaji hadi Sh10,000 kwa kosa moja.

Kwa hiyo yule dereva wa Manundu, mshikaki na kutovaa kofia, anadaiwa Sh20,000. Misimbazi miwili. Kwa pesa hiyo watu wanne wanawekwa kwenye hatari: yeye, askari, na abiria wawili ambao hawakuamua kukimbia. Mtu wa tano ni yeyote atakayekuwa anavuka njia wakati huo, na huyo hakuna anayemhesabu.

Mbona akimbie, basi, kwa faini ndogo hivyo?

Kwa sababu anachokimbia sio faini. Anakimbia pikipiki kulala kituoni. Wengi wanaendesha pikipiki za watu na wana hesabu ya kupeleka kwa bosi kila siku. Wengine wako kwenye mkataba au mkopo, na siku moja bila kazi ni deni. Pikipiki ikikaa kituoni siku nne, dereva anadaiwa siku nne na nyumbani hajapeleka kitu. Ukimuuliza, atakwambia bora nijaribu bahati.

Hili Serikali ililiona. Kangi Lugola, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi (Julai 2018 hadi Januari 2020), aliagiza polisi wasirundike bodaboda vituoni. Alitaja aina tatu tu za pikipiki zinazopaswa kushikiliwa: iliyohusika kwenye uhalifu, iliyohusika kwenye ajali, na isiyojulikana mwenyewe. Zilizobaki, mwandikie faini dereva aendelee na safari.

Agizo hilo lilikuwa zuri, lakini lilikuwa agizo la mdomo la waziri, na waziri huondoka. Ndiyo tofauti ya agizo na utaratibu ulioandikwa.

Barabara haina huruma

Handeni na Korogwe sio sehemu ya kufukuzana, na hii sio lugha ya kuremba.

Barabara kuu kutoka Chalinze inapita Mkata, Kabuku na Segera kabla ya kuingia Korogwe na kuendelea Mombo kuelekea Kilimanjaro na Arusha. Ndiyo njia ya mabasi ya kaskazini na semi za mizigo, mchana na usiku. Kisha kuna lami ya Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, na ya Handeni hadi Mkata, kilomita 54. Lami imerahisisha maisha, na imewapa bodaboda mahali pa kufungua mafuta. Pembeni yake kuna shule, magulio, wauza machungwa na watoto wanaochunga mbuzi.

Februari 3, 2023 usiku, Magila Gereza wilayani Korogwe, Fuso iligongana na Coaster iliyobeba waombolezaji na mwili wa marehemu kutoka Dar es Salaam kwenda Rombo. Watu 17 walifariki papo hapo, na idadi ikaongezeka baadaye. Januari 2025, eneo la Segera wilayani Handeni, lori liliwaparamia watu waliokuwa wamekusanyika kwenye ajali nyingine. Watu 11 wakafa.

Ajali hizo hazikuhusu polisi kumfukuza mtu. Zinaonyesha tu jinsi nafasi ya kukosea kwenye barabara hizi ilivyo ndogo. Sasa weka hapo pikipiki mbili zinazokimbizana, ya mbele ikitazama nyuma.

Sheria inasema nini

Kukaidi amri ya kusimama inayotolewa na askari aliyevaa sare ni kosa, na hilo halina mjadala. Dereva aliyekimbia amejiongezea kosa.

Lakini sheria haiishii hapo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari anayekamata mtu asitumie nguvu kuliko inayohitajika kufanikisha ukamataji. Ibara ya 14 ya Katiba inalinda haki ya kuishi, na ibara ya 13 inasema mtu asitendewe kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Gari la polisi lenye king'ora hupishwa njia, ndiyo, ila king'ora hakimwondolei dereva wake wajibu wa kuangalia nani yuko mbele.

Shida ni kwamba "nguvu inayohitajika" ni maneno mapana. Yanaeleweka vizuri ukiwa umekaa mahakamani. Barabarani, jua linazama, dereva amekutukana na wenzako wanakuangalia, hayakusaidii sana. Hapo ndipo sera inapoingia: kazi yake ni kuyageuza maneno mapana ya sheria kuwa maswali mafupi ambayo askari ameshayajibu kabla hajatoka kituoni.

Wenzetu waliandika nini

Mwaka 2010, baada ya watu wasiohusika kuuawa kwenye matukio ya kufukuzana, jiji la Milwaukee nchini Marekani lilibana polisi wake: fukuza gari kama mtuhumiwa ana kosa zito la ukatili, vinginevyo mwache, utampata kesho. Mwaka 2017 kanuni hiyo ikalegezwa kwa sababu wakazi walilalamika kuwa wezi wa magari na wauza dawa za kulevya wanawacheka polisi. Kilichofuata ni matukio ya kufukuzana kupanda kwa kasi.

New Zealand nayo ilibana Desemba 2020. Huko nako madereva wanaokataa kusimama waliongezeka, na 2023 polisi wakaachia kidogo.

Ukisoma haraka unaweza kusema basi sera hizi hazifanyi kazi. Sio hivyo. Zinaonyesha kwamba kila upande una gharama: ukifukuza kila mtu utaua wapita njia, usipofukuza yeyote wahuni watajua. Anayeandika sera anachagua gharama gani abebe, na anaichagua akiwa ametulia ofisini badala ya kumwachia askari mmoja barabarani.

Kwa msomaji wa Handeni, New Zealand ina funzo zaidi kuliko Milwaukee. Polisi wa Milwaukee ni wa jiji, na chombo cha raia cha jiji hilo ndicho kilichoamua. New Zealand ina jeshi moja la polisi la nchi nzima, kama letu.

Kwa nini diwani hawezi kumwamuru trafiki

Hapa ndipo wengi hukosea mlango. Wilaya za Handeni na Korogwe kwa pamoja zina halmashauri nne, kwa kuwa kila moja ina halmashauri ya wilaya na ya mji. Zote zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya sheria za serikali za mitaa za 1982. Zinaweza kupanga vijiwe, maegesho, ushuru na usafi.

Haziwezi kutunga sheria ndogo inayosema trafiki asifukuze. Polisi ni jambo la Muungano, limeandikwa hivyo kwenye orodha ya Katiba. Askari wa Chanika mjini Handeni anaamriwa na Mkuu wa Polisi wa Wilaya, maarufu kama OCD, anayewajibika kwa Kamanda wa Mkoa wa Tanga, na juu yake yupo IGP. Mwongozo wao wa kazi ni ule unaoitwa PGO, unaotolewa na IGP.

Kwa hiyo diwani akisimama kwenye kikao na kusema "napiga marufuku", makofi atapata, utekelezaji hapana.

Ila kuna milango mitatu iliyo wazi, na haihitaji Bunge.

Wa kwanza ni OCD mwenyewe. Kila askari kabla ya kuingia zamu hupewa maelekezo. OCD anaweza kusema kwenye maelekezo hayo kwamba katika wilaya yake hakuna kumfukuza bodaboda kwa mshikaki, kofia, leseni au bima: soma namba, andika, tuma. Kufukuza kubaki kwa ujambazi wa silaha, utekaji, mauaji, au dereva ambaye tayari anahatarisha watu kabla hajasimamishwa. Na akiwa amebeba abiria, usifukuze hadi mkubwa wa zamu aseme ndiyo kwenye redio. Hiyo ni amri ya kazi ya kawaida. Inaingia kwenye karatasi moja.

Mlango wa pili ni Kamati ya Usalama ya Wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya na OCD ni mjumbe. Jambo likijadiliwa pale linapata uzito ambao barua ya chama cha bodaboda haina.

Wa tatu ndio unaosahaulika, nao uko mikononi mwa halmashauri kwa asilimia mia.

Mgambo, ushuru na mkaa

Wanaofukuza pikipiki sio polisi peke yao. Handeni ni wilaya ya mkaa, mahindi na machungwa, na sehemu ya mzigo huo husafiri kwa pikipiki, alfajiri, kwa njia za panya. Mazao ya misitu yanatakiwa kuwa na hati ya kusafirishia, na mazao ya shamba yana ushuru wake. Asiye na karatasi hukimbia geti. Anayemfuata anaweza kuwa ofisa wa misitu, mkusanya ushuru au mgambo.

Pikipiki yenye magunia mawili ya mkaa haina breki za kutosha hata ikitembea taratibu. Kuifukuza kwenye njia ya vumbi ya kutoka Sindeni ili kuokoa ushuru ni biashara ya hasara, hata kwa mahesabu ya halmashauri yenyewe.

Mgambo wa halmashauri na wakusanya ushuru wanapewa kazi na mkurugenzi. Hapa hakuna Muungano wala IGP. Mkurugenzi anaweza kuandika kesho kwamba hakuna mtumishi wa halmashauri atakayefukuza chombo cha moto kwa sababu ya ushuru, na baraza la madiwani linaweza kumtaka aandike. Ingekuwa vizuri madiwani wanaotaka polisi wabadilike waanze na watu wao. Ukishasafisha kwako, una uso wa kuzungumza na OCD.

Aliye ndani ya gari ni nani?

Kuna sababu nyingine ya kuandika kanuni, na hii inawalinda hata wanaofukuza.

Desemba 5, 2024, Tegeta jijini Dar es Salaam, watumishi wa Mamlaka ya Mapato (TRA) walikuwa wakilifuatilia gari lililoshukiwa kukwepa kodi. Ilipigwa kelele kwamba ni watekaji. Watu wakajaa, wakawashambulia, na dereva wa TRA akapoteza maisha. Walikuwa kazini, lakini waliokuwa pembeni ya barabara hawakuamini hivyo.

Huo ulikuwa wakati ambao hofu ya kutekwa ilikuwa imetanda, na haijaisha. Mwanamke anayeendesha peke yake usiku kati ya Kabuku na Mkata, akiona gari lisilo na alama linamwashia taa nyuma, ana sababu ya kukanyaga mafuta. Gari la namba za PT lenye king'ora na askari wa sare linajieleza lenyewe. Gari la kiraia halijielezi. Ndiyo maana kanuni ya kwanza kabisa ya kufukuza, popote ilipoandikwa vizuri, ni kwamba anayefukuza ajulikane.

Namba badala ya mbio

Swali la haki la askari ni hili: nikimwacha, nitampata wapi?

Kupitia namba. Mfumo wa polisi wa faini za barabarani, TMS, unamwezesha mtu kuangalia deni la chombo kwa kuweka namba ya usajili. Deni likishaingia linabaki pale, na dereva atakutana nalo siku nyingine, kwenye kizuizi kingine, akiwa amesimama na bila mtu kuumia.

Hapa lazima kusema ukweli: njia hii ina matundu. Pikipiki nyingi zimeuzwa kwa mkono bila kubadilisha jina kwenye kadi. Nyingine ziko kwa jina la kampuni ya mkopo. Na kuna vijana hukunja kibao cha namba au kukipaka tope makusudi. Deni litamfikia mtu wa Dar aliyeuza pikipiki miaka mitatu iliyopita, na yule wa Manundu atakuwa anacheka.

Ndiyo maana kijiwe ni muhimu kuliko kasi. Bodaboda wa Korogwe au Handeni hafanyi kazi hewani. Ana kijiwe, ana mwenyekiti wa kijiwe, ana wateja wanaomjua kwa jina. Halmashauri ikiwa na daftari la vijiwe lenye jina la dereva, namba ya pikipiki na jina la mwenye pikipiki, na kila dereva akivaa kizibao chenye namba kubwa mgongoni, askari hahitaji kumfukuza mtu. Anamfuata kijiweni kesho asubuhi na mkaguzi wa kata. Hilo halmashauri inaliweza kwa sheria ndogo, bila kumgusa polisi hata kidogo.

Bila shaka kijiwe nacho kitatakiwa kitoe kitu. Kama wenzake wanamficha, daftari ni karatasi tu. Na kijiwe kitamtoa mtu wake pale tu kinapoamini kwamba pikipiki itaandikiwa faini na kurudi kazini, sio kulala kituoni hadi bosi aje "kuongea". Ile orodha ya Lugola ya aina tatu ingefaa kubandikwa ukutani kwenye kila kituo, ikiwa imesainiwa na OCD.

Ukigongwa, au abiria wako akigongwa

Majeruhi wa Korogwe atapelekwa Hospitali ya Magunga, na akizidiwa, Bombo mjini Tanga. Atahitaji PF3, fomu inayotolewa na polisi. Yaani aliyeumia kwa sababu ya kufukuzwa na polisi ataomba karatasi kwenye kituo kile kile. Mpe ndugu akaombe, na aeleze ajali ilivyotokea, pamoja na nani alikuwa anamfukuza nani. Weka nakala. Andika namba ya gari au pikipiki iliyokuwa nyuma, saa, mahali, na majina ya walioona.

Malalamiko yanaanzia kwa OCD, kisha kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko dhidi ya vyombo vya dola bila malipo. Anayetaka fidia mahakamani lazima kwanza aipe Serikali notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya sheria ya 2020 kesi hiyo inafunguliwa Mahakama Kuu, akiwemo Mwanasheria Mkuu wa Serikali kama mdaiwa. Kwa mtu wa Kwamsisi au Magoma hiyo maana yake ni nauli za kwenda Tanga, wakili, na miaka kadhaa.

Hoja ya kuanzia ngazi ya chini haina gharama hiyo. Baraza la madiwani hukutana kila baada ya miezi mitatu, na kabla yake kuna kamati ya maendeleo ya kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Chama cha bodaboda kikipeleka pale karatasi moja yenye maombi mawili, mkurugenzi azuie mgambo wake kufukuza na OCD aalikwe kueleza askari wake wanaelekezwa nini, hoja hiyo itakuwa kwenye kumbukumbu za kikao, na OCD atatakiwa kuijibu mbele ya watu.